Sare za singo ya Mwanahawa

Kikundi: UKOO WA BI MWANTUMU (Tanga, Dar, Muscat)
Jumanne, baada ya Isha. Majina ni kama yalivyohifadhiwa kwenye simu ya Asha, Tanga. Mwanahawa, binti wa Baba Mdogo Hamisi, anaolewa; singo ni sherehe ya wanawake ya kumsinga bibi harusi kabla ya ndoa. Rukia, Mwanaisha na Hamisi ni watoto wa Bibi.

Shangazi Rukia: Assalaam aleykum ndugu zangu na wanangu. Kesho asubuhi nakwenda Kariakoo kumalizia kitambaa cha singo. Waliolipa mpaka sasa ni kumi na wanne, waliobaki wanajijua. Kitambaa na mtandio 38,000, fundi 20,000. Tumeni kwa Hamisi, tena tumeni na ya kutolea.

Mama: Waaleykum salaam wifi. Yangu na ya Asha nilituma jana.

Baba Mdogo Hamisi: Zimefika shemeji, ahsante sana.

Shangazi Rukia: Jambo la pili nalisema mapema ili mtu asije akanuna ukumbini. Meza za mbele ni za waliovaa sare. Asiye na sare atakaa nyuma na wageni wengine, na picha ya ukoo ikipigwa asijisogeze.

Kaka Idi: Shikamoo shangazi. Hapo kwenye picha nimekwama. Mtu kazaliwa ukoo huu, anatolewa kwenye picha ya ukoo kwa sababu ya kitambaa?

Shangazi Rukia: Marahaba Idi. Wewe mwanaume, haya huyaoni. Mwaka jana aliolewa binti wa jirani yangu hapa Mbagala. Upande wa bibi harusi walikuja kila mtu na lake, huyu dera, huyu baibui, huyu khanga na blauzi. Upande wa bwana wote rangi moja, ukumbi unang'aa. Mpaka leo mawifi wanamwambia yule binti, kwenu hamna mkubwa. Unalijua uzito wa neno hilo? Maana yake hakuna aliyekaa akampangia mtoto shughuli yake. Wakwe zetu hawa wana duka la vitambaa, kitambaa wanakijua kwa kukigusa tu. Sitaki Mwanahawa aingie nyumba ya watu akiwa na la kusemwa. Na bei hii nimeipata kwa sababu tunachukua jora zima. Wakipungua watu bei inapanda kwa waliokwisha kulipa. Anayegoma anawaumiza wenzake.

Binamu Chausiku: Mama kasema kweli. Picha zinabaki. Siku hizi harusi haijaisha iko kwenye status za watu mia mbili.

Kaka Idi: Nimekuelewa shangazi, na hilo la mawifi ni kweli, nimeliona hata kwa mke wangu. Lakini kwangu ni mke na mabinti wawili, jumla 174,000, na hiyo ni singo peke yake, walima bado. Pikipiki ya mkataba, hesabu ya bosi inatoka kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei ya mafuta naangalia simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nitavalisha mmoja. Ndiyo uwezo wangu.

Mama: Idi mwanangu, hilo ungemwambia shangazi yako pembeni.

Kaka Idi: Mama, tukisemea pembeni kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Binamu Chausiku: Samahani naomba kuuliza. Mama Mdogo Mwanaisha mbona kimya? Amesoma zote, tiki za bluu zipo. Mtu ana mtoto Uarabuni, 58,000 inamshinda nini?

Shangazi Rukia: Mdogo wangu kabadilika. Harusi ya Salma alikuwa wa kwanza kulipa. Sasa hivi hata kuniitikia salamu shida. Kiburi.

Dada Zuhura Muscat: Assalaam aleykum. Ndiyo nimetoka jikoni sasa hivi, huku saa imekwenda mbele. Mama Mkubwa shikamoo.

Dada Zuhura Muscat: Dada Chausiku, kwa kuwa umenitaja nijibu mimi. Mshahara wangu ni riali 90. Zinaonekana nyingi zikigeuzwa shilingi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakatwa kila mwezi kulipia gharama za kuniletea huku, na hilo sikumwambia mtu. Ile picha ya Mutrah, pwani ya hapa Muscat, mliyoandika chini "mashallah umetoboa", nilipelekwa na mama mwenye nyumba kuwabeba watoto wake. Abaya ile yake, kanipa ya mwaka juzi. Ndiyo siku yangu ya pekee ya kutoka mwezi ule, nikapiga picha ili mama aone nipo mzima. Kesho yake nilipata maombi ya pesa kutoka kwa watu saba humu humu. Sikuwalaumu, mnaona bahari na taa. Ila msimpandishie mama bei kwa picha yangu.

Mama: Pole mwanangu. Wallahi hatukujua.

Kaka Idi: Ujumbe huu umefutwa

Dada Zuhura Muscat: Idi, nimeusoma kabla hujaufuta. Ujumbe gani wa mkopo? Mama yangu anadaiwa na nani?

Dada Zuhura Muscat: Kaka Idi nijibu.

Baba Mdogo Hamisi: Zuhura mpwa wangu, nijibu mimi mjomba wako. Ramadhani ya mwaka jana wengi humu tulipokea ujumbe kutoka namba ngeni. Ulikuwa na jina la mama yako na picha yake, unasema ni tapeli, amekimbia na pesa, tumwambie alipe. Ni wale wa mikopo ya kwenye simu, kausha damu. Ukipakua programu yao unairuhusu isome majina yote uliyonayo, ukichelewa wanawaandikia wote. Mimi niliufuta. Nilisema nisimwaibishe dada yangu kwa kumuuliza. Nadhani kila mmoja alisema hivyo hivyo.

Shangazi Rukia: Mimi niliupata pia. Nilidhani ameingia mambo ya kubeti.

Dada Zuhura Muscat: Yarabi. Mwaka mzima. Nampigia kila Ijumaa, ananiambia alhamdulillah.

Shangazi Mwanaisha: Zuhura mwanangu, usilie ukiwa kwa watu. Nipo.

Shangazi Mwanaisha: Naandika polepole mnivumilie. Dada Rukia, sina kiburi na wewe. Sare ya harusi ya Salma nililipa wa kwanza kwa sababu niliikopea. Ulisema atakayechelewa jina lake linatajwa kwenye kikundi, na mimi nikaona haya, mdogo wako wa tumbo moja nitajwe. Nikaomba 60,000 kwenye simu. Ikaingia 42,000, nyingine wamekata wenyewe, na nirudishe 60,000 kwa siku saba. Siku ya saba sina, nikakopa programu ya pili nilipe ya kwanza. Ilikuwa ule wakati sukari imepaa, kilo elfu nne na zaidi mpaka serikali ikatangaza bei elekezi, na hata hiyo bei elekezi dukani hapa Tandika hukuiona. Mimi mtu wa maandazi. Andazi nikiliongeza bei wateja wanahama, nikilipunguza ukubwa wanahama. Nikawa nauza hasara ili meza yangu isipotee.

Shangazi Mwanaisha: Ule ujumbe ulifika mpaka kwa ustadhi wa madrasa. Wale wakopeshaji nilijua hawana huruma, hawakunishangaza. Kilichoniuma ni ndugu. Simu zilipungua. Nikifika shughulini mtu anashika mkoba wake. Hakuna aliyeniuliza, Mwanaisha kuna nini?

Shangazi Mwanaisha: Deni nimelimaliza mwezi wa nane mwaka jana, kwa kikoba cha mtaani kwetu. Nikaapa mbele ya akina mama wenzangu sikopi tena kwa ajili ya nguo. Ndiyo kimya changu hiki. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia nisikuharibie shughuli.

Mama: Wifi yangu. Na mimi niliupata ule ujumbe. Nisamehe.

Kaka Idi: Shangazi, nisamehe kwa kuropoka. Lakini mjue hao watu ndivyo wanavyofanya biashara. Hawana dhamana ya nyumba wala shamba, dhamana yao ni aibu yako. Wanajua utalipa hata kwa kuuza kitanda ili mkweo asione ujumbe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Kabla hujapakua chochote angalia orodha ile, na anayetangaza deni lako kwa watu wako ashitakiwe. Kijiweni kwetu vijana watatu walihama mtaa kwa sababu ya jumbe hizo.

Asha (mimi): Jamani Bibi nimemsomea yote. Anataka kusema, anaongea na mimi naandika kama anavyosema.

Asha (mimi): BIBI: "Rukia, ni mama yako. Mwaka 1983 nilimwoza dada yenu mkubwa, Mungu amrehemu. Nguo hakuna. Unapanga foleni duka la ushirika toka alfajiri, unaambiwa zimeletwa sufuria. Sokoine alikuwa anawasaka walanguzi, wengine wakatupa mali baharini kwa woga. Mchele na sukari ya harusi nilipata kwa kibali, nikamlilia balozi wa nyumba kumi. Bibi harusi alivaa khanga ya kuazima, doti moja, tukairudisha asubuhi ikiwa imefuliwa."

Asha (mimi): BIBI: "Msije mkasema zamani watu walikuwa wema. Alikuja jirani mmoja, kaka yake baharia, amevaa khanga mpya ya Mombasa, tukamtazama yeye kuliko bibi harusi. Nililia usiku. Kutazamana kulikuwepo. Mama yangu mimi alicheza ngoma ya lelemama, na sare zilikuwepo, na mashindano yalikuwepo mpaka watu wakauza dhahabu. Lakini kwenye chama chao asiye na sare alivalishwa na wenzake kabla ya siku. Kumwambia akae nyuma hakukuwepo. Huo ukumbi mnalipa kwa mkeka? Nani kaugawa mbele na nyuma?"

Asha (mimi): Amenyamaza sasa, anataka chai.

Baba Mdogo Hamisi: Mama amenitangulia. Mimi ndiye baba wa bibi harusi na nilinyamaza kwa sababu dada Rukia anabeba kazi kubwa ambayo mimi siiwezi. Lakini kuna hadithi ipo Bukhari na Muslim, kwamba chakula kibaya kabisa ni chakula cha walima wanayoalikwa matajiri na masikini wakaachwa. Na Abdurrahman bin Auf aliambiwa na Mtume, sala na salamu zimshukie, afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Sasa mimi nimwoze mwanangu halafu dada yangu akae nyuma? Siwezi. Meza za mbele ni za Bibi, dada zangu na shemeji zangu, wavae wasivae. Hilo nimelimaliza.

Shangazi Rukia: Sawa Hamisi. Ila wewe hutakuwepo chumbani wifi zake watakapoanza maneno. Mimi nitakuwepo.

Baba Mdogo Hamisi: Najua dada. Ndiyo maana naomba tutafute njia.

Shangazi Rukia: Amana nimeshatoa 200,000, hairudi. Kitambaa cha watu kumi na wanne nitakichukua, jora zima sichukui, nitaongea na mwenye duka tupandishe kidogo, hiyo ya ziada nitaimeza mimi. Wengine wote wavae dera lolote la kijani alilonalo mtu, mtandio uwe ule ule mmoja. Mtandio nimeulizia, elfu saba. Mbele ya kamera mtandio ndio unaoonekana.

Mama: Hapo umesema wifi. Hata mimi nirudishiwe ya fundi, dera la kijani ninalo tangu sikukuu ya Idi.

Kaka Idi: Elfu saba mara tatu namudu. Kesho asubuhi natuma.

Binamu Chausiku: Mimi nilisema tu kuhusu Uarabuni. Sikukusudia ubaya Mama Mdogo.

Dada Zuhura Muscat: Umeshasema, dada. Tuyaache kwa leo, ila mtandio wa mama nalipa mimi. Mjomba nitakutumia Alhamisi.

Shangazi Mwanaisha: Usitume. Elfu saba ninayo.

Shangazi Rukia: Mwanaisha, pokea simu. Napiga mara ya tatu.

Shangazi Mwanaisha: Nilikuwa natoa unga kwenye beseni dada. Piga sasa.

Baba Mdogo Hamisi: Wakati wanaongea, niwape hesabu. Michango ya walima iko 1,140,000, ukumbi umelipwa nusu. Idi, ile 20,000 ya jenereta bado. Mpishi anataka jibu la idadi ya watu kabla ya Ijumaa.

Kaka Idi: Jenereta nitatoa Jumamosi, siku hiyo nina abiria wa kudumu wa sokoni.

Shangazi Mwanaisha: Tumeongea. Hamisi, maandazi na mahamri ya asubuhi ya nikaha ni mimi, usimlipe mpishi. Nitafutie unga kilo 25 na sukari kilo 6, iliki na nazi ninazo. Asha mwanangu uje siku mbili kabla, mkono wangu wa kulia unauma, wewe utasukuma.

Asha (mimi): Nakuja shangazi. Na Bibi anauliza nani atamfuata stendi, anataka basi la asubuhi.

Shangazi Rukia: Bibi atafikia kwangu Mbagala. Chausiku utamfuata wewe, usimwachie bodaboda.