Chui wa Seronera: kwenye picha ni mweusi, nikimhariri anakuwa kaa la moto

Dereva_Mavumbi:
Wakuu habari za leo. Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa 11 sasa, njia yangu ni Arusha, Ngorongoro, Serengeti na kurudi. Simba, chui na duma nimewaona mpaka nyumbani wamechoka kusikia. Picha ndiyo sina. Juzi juzi mgeni mmoja kaniuzia kamera yake ya zamani, megapikseli 24, na lenzi ya kuvuta mbali ya milimita 70-300, nikajua mambo yameiva.

Wiki iliyopita, mto Seronera, saa kumi jioni, nikamkuta chui kajilaza juu ya mwegea, miguu minne inaning'inia, mkia umeshuka kama kamba ya kengele. Nikapiga picha 140. Kurudi kambini naangalia: anga jeupe pe, chui kama kipande cha mkaa. Nikaingia kwenye programu ya simu nikainua mwanga wa penye giza, zikatoka chenga kama za tivii ya antena. Nikaongeza ukali, chenga zikazidi. Nikakoleza rangi kuzificha, chui akawa wa machungwa. Mdogo wangu ananiuliza nimempaka nini.

Tatizo kamera, lenzi au mimi? Lenzi ya 600 nimeulizia bei, nikakata simu.

Mzee_wa_Lenzi:
Kijana wangu, usinunue kitu. Fungua picha mojawapo usome maelezo yake, kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, ilikuwa ngapi? Nabashiri uliiachia kamera ijiamulie. Kamera ikiona anga jeupe nyuma ya mti inadhani mwanga umejaa kila mahali, inaupunguza, na chui aliye kivulini anazama. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: peleka +1, ikibidi +1.7. Anga litaungua, yaani litabaki jeupe tupu. Liache liungue, hakuna aliyelipa kiingilio cha hifadhi aje kuangalia anga.

Pili, kwa lenzi ya 300 usishuke chini ya 1/500 ya sekunde, hata kama mnyama kalala. Duma anayekimbia mpe 1/2000 au zaidi. ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga, ikipanda mpaka 3200 usiogope. Chenga za picha iliyopata mwanga wa kutosha ni kidogo kuliko za picha ya giza uliyoivuta juu baadaye. Hapo ndipo ulipoumia.

Tatu, zima injini, na waombe wageni watulie dakika moja. Mtu mmoja akihama kiti kutafuta chupa ya maji, gari zima linacheza. Lenzi ilaze dirishani juu ya mfuko wa maharage. Na piga ukiwa dirishani, usisimame kwenye paa lililo wazi, maana ukimpiga simba kutoka juu anaonekana kama paka wa jikoni. Kwa chui wa mtini hilo halisaidii sana, huyo unamsubiri ashuke.

Ila wewe una kitu ambacho wapiga picha wengine wanakilipia: usukani. Wewe ndiye unayeamua jua liwe mgongoni au ubavuni. Ukimkuta chui, usisimame pale gari la kwanza liliposimama. Tembeza gari taratibu hapo hapo barabarani, hatua kumi mbele au nyuma, mpaka nyuma yake pawe na majani badala ya anga. Usitoke nje ya njia, Seronera hairuhusiwi na unalijua hilo kuliko mimi.

Sasa kuhariri. Weka kamera kwenye faili ghafi (RAW), yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kuchakatwa, si JPEG. JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi; faili ghafi ya biti 14 ina 16,384. Ndiyo maana ulipoivuta ilichanika. Kisha rekebisha rangi kwa kufuata weupe wa kidevuni mwa chui. Chini ya majani huwa unaingia ukijani kidogo, upunguze, basi. Weupe huo ukigeuka rangi ya siagi ujue umekoleza kupita kiasi, rudi nyuma. Ukali utie machoni na kwenye sharubu pekee. Kifaa cha kuondoa chenga kwenye programu usikipandishe hadi juu kabisa, manyoya yanakuwa kama nta. Na ukikata picha ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, megapikseli zako 24 zimebaki 6. Kwa simu zinatosha, kwa ukutani fikiria mara mbili.

Nyota_ya_Nyika:
Shikamoo mzee, umemaliza. Mimi naongeza la kufuta vitu. Nilikuwa na picha ya simba jike, kijani safi nyuma, lakini shingoni ana kola ya watafiti. Nikaifuta. Nikatoa na kijiti kilichopita juu ya pua. Nikaipeleka kwenye shindano, wakaniomba faili ghafi. Aibu niliyoipata! Serengeti simba wanafuatiliwa na watafiti tangu 1966, kola ni sehemu ya maisha yao kule. Ukiwa unaweka picha sebuleni kwako futa unachotaka, ila ukisema "hivi ndivyo nilivyomwona", kijiti kibaki.

Na kaka, kuhusu duma: anawinda mchana, kwa macho. Magari kumi yakimzunguka, swala wanashtuka na yeye analala na njaa. Nyie madereva mnaitana kwenye redio, tunawajua.

Dereva_Mavumbi:
Hahaha dada, hilo la redio tuliache. Lakini ni kweli, duma mwenye watoto mimi siwatangazii wenzangu.

Mzee, nimefungua maelezo. Kasi 1/100, ISO 200. Na injini ilikuwa inanguruma, mgeni alitaka kuchaji simu. Zote 140 ni JPEG.

Jana Ndutu nimejaribu kwa simba dume aliyelala chini ya mgunga: faili ghafi, +1, 1/640, dirishani. Sharubu zinahesabika, na kwenye jicho unaliona gari letu. Kakaa kimya nusu saa nzima, kapiga mwayo mmoja tu, na huo nikaukosa kwa sababu nilikuwa namkabidhi mgeni darubini.

Shida iliyobaki ni mpishi wa kambi. Anauliza maharage kilo mbili yameenda wapi.