Naomba ushauri: mafuta ya alizeti kwa mali kauli, hapa pana riba?

MamaAlizeti_Dom: Assalaam alaykum. Nauza mafuta ya alizeti Majengo, hapa Dodoma. Mwaka jana mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, ilinimaliza, marejesho kila siku mpaka mtaji ukakata. Kilichoniinua ni darsa la kina mama la Alhamisi. Ustadhi alitusomesha aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'an, kumbe inahusu kuandikiana madeni! Siku hiyohiyo nikanunua kaunta buku. Nilipokaa kuorodhesha, nikakuta nawadai watu 340,000, pesa ambayo siku zote nilidhani ni hasara.

Sasa mwenye mashine wa Kibaigwa anauza ndoo ya lita 20 kwa 80,000 taslimu, mali kauli, yaani nachukua sasa nalipa baada ya mwezi, 86,000. Hiyo 6,000 si riba? Halafu wifi yangu amenuna kwa kuwa nimemwandika daftarini. Anasema namwona mwizi.

BintiMrangi: Wa alaykum salaam dada. Wanazuoni wengi wameruhusu bei ya mkopo kuzidi ya taslimu, ila mfunge bei moja kabla hamjaachana, na isipande hata ukichelewa. Akikwambia "ukipitisha mwezi utaongeza elfu mbili", mwachie ndoo yake. Hiyo ndiyo riba.

Mzee_wa_Mizani: Na ujazo, mwanangu. Suratul Mutaffifin imeanza na ole kwa wanaopunja. Sisi wanunuzi wa nafaka tumewaumiza sana wakulima kwa lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Chupa ya lita iwe lita.

MamaIddi: Hapo kwa wifi pananigusa. Aya imesema tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa, na ndugu hakutolewa. Mimi nilianza kujiandika mwenyewe, hata mafuta ninayochota ya kupikia nyumbani. Shemeji alipoliona jina langu juu ya lake, akachukua kalamu akajaza deni lake kwa mkono wake.

Mtaji ukipungua, onana na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, 4 ni ya wanawake, na mkopo wake hauna riba. Lazima muwe kikundi.

MamaAlizeti_Dom: Allah awalipe kheri. Nimempigia wa Kibaigwa, amekubali: 86,000, nikichelewa haiongezeki, na tutaandikiana mbele ya dereva wake. Wifi anakuja jioni. Mstari wa kwanza nimeshauandika: mimi, lita moja na nusu, Jumatatu.