Mwanafunzi wetu amefariki kwa kujiua: tuwaambie nini wenzake shule ikifunguliwa?

Mwalimu Mlezi, Kilifi

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa wanafunzi katika shule ya sekondari ya kutwa, kaunti ya Kilifi. Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula tulimpoteza kijana wa kidato cha tatu, ambaye alifariki kwa kujiua nyumbani kwao. Tunafungua Jumatatu, na mimi ndiye niliyeagizwa kuandaa maneno yatakayosomwa kwenye gwaride la asubuhi.

Walimu wenzangu wamegawanyika. Baadhi yao wanataka tuseme kwamba aliugua ghafla, tusali, kisha masomo yaendelee kama kawaida. Wengine wanataka mkutano mkubwa wa shule nzima, aalikwe mgeni wa kuhutubia, na mambo yote yaelezwe tangu mwanzo hadi mwisho ili iwe funzo kwa waliobaki. Familia imeridhia tuseme ukweli, ila imeomba namna alivyofariki isitajwe. Wanafunzi wenyewe wameshajua, kwa sababu picha na barua inayodaiwa kuwa ya marehemu zimezagaa katika simu za mtaa mzima. Darasa lake limeanza kuchanga fedha za fulana zenye picha yake, na wanaomba mti upandwe uani kwa jina lake.

Naomba ushauri wa watu wanaoyajua mambo haya. Tuseme nini, tunyamazie nini, na nitawatambuaje walio hatarini bila kuwatia wazo ambalo hawakuwa nalo?

Mnasihi wa Vijana, Mombasa

Mwalimu, poleni sana kwa msiba. Nianze na gwaride: usilitumie. Mbele ya wanafunzi mia kadhaa hutaweza kumwona anayetetemeka wala anayetoka nje kimyakimya. Habari hii isomwe darasa kwa darasa, kwa wakati mmoja, na mwalimu ambaye wanafunzi wanamfahamu, maneno yakiwa yale yale kila mahali, halafu darasa la marehemu lipewe watu wawili ili mmoja aweze kutoka na mwanafunzi atakayezidiwa. Semeni kwamba amefariki kwa kujiua, kwa kuwa uongo juu ya jambo linalojulikana utawafundisha tu kwamba watu wazima hawaambiliki. Msieleze namna, mahali wala yaliyoandikwa kwenye barua. Msitaje pia sababu moja, iwe ni mapenzi, mtihani au ugomvi na mzazi, kwa maana kifo cha aina hii karibu kila mara hutokana na mambo mengi yaliyokutana, na kijana aliyekosana na mzazi wake wiki iliyopita asije akasikia kwamba hiyo peke yake inatosha.

Hofu yako ya kuwatia wazo nakutana nayo katika kila shule ninayoitwa. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari katika jimbo la New York, ambapo baadhi waliulizwa wazi kuhusu mawazo ya kujiua na wengine hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuonyesha dhiki zaidi ya wenzao wala mawazo hayo kuongezeka, na miongoni mwa waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu kujiua, kuulizwa kulielekea kuwapunguzia uzito. Kwa hiyo uliza, faraghani, kwa sauti ya kawaida: «Je, umekuwa ukifikiria kujiua?» Usiulize kwa namna inayomlazimisha akatae, kama vile «Wewe huwezi kufikiria upuuzi huo, sivyo?»

Mtazame zaidi rafiki wa karibu wa marehemu, aliyezungumza naye mwisho, aliyekosana naye, ndugu zake walio shuleni, na yeyote aliyewahi kujidhuru au aliyefiwa karibuni, hata kama hakumfahamu marehemu kabisa. Sikiliza maneno kama «mimi ni mzigo kwenu» au «hamtasumbuka nami tena». Angalia anayegawa vitu vyake vya thamani, anayeaga bila safari, asiyelala, na yule aliyekuwa na huzuni nzito kisha ghafla akawa mtulivu kupita kiasi. Ukimpata wa namna hiyo, asiachwe peke yake, mzazi aitwe, na nyumbani vitu vyote vinavyoweza kumdhuru viondolewe au vifungiwe. Saa za hatari kubwa mara nyingi huja na kupita, na anayevushwa salama katika saa hizo ana nafasi kubwa ya kuishi.

Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bila malipo, na 116 ni ya watoto. Befrienders Kenya nao wapo kwa ajili ya jambo hili hili. Ziandikwe ubaoni katika kila darasa.

Baba Kombo, Malindi

Mwalimu, poleni. Mimi ni mzazi na umri umeshaenda, na nitasema kile ambacho wengi wenu mnakiogopa kukisema. Zamani msiba wa namna hii haukutangazwa. Maiti alizikwa, watu wakafunga vinywa, na watoto hawakujua hata kwamba jambo hilo linawezekana. Leo mnataka mwalimu asimame darasani alitaje mbele ya watoto wa miaka kumi na minne, kisha mnatuambia kwamba kutaja hakudhuru. Kama hakudhuru, mbona mnakataza kueleza namna? Na jambo la pili ni la dini. Mkimwombea rehema hadharani, je, si kama mnawaambia watoto kwamba alichofanya si kitu?

Mhariri Mstaafu, Nairobi

Mzee wangu Baba Kombo, swali lako la kwanza ni zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kuyasikia katika semina za waandishi. Unachokiogopa kipo kweli. Kimo katika namna ya kusimulia, na ushahidi wake ni wa siku nyingi.

Mjini Vienna, miaka ya 1980, magazeti yaliandika sana juu ya watu waliojiua kwa namna moja, tena mahali pa umma, yakiweka vichwa vikubwa, picha na maelezo ya hatua kwa hatua. Vifo vya namna ile vikaongezeka. Katikati ya mwaka 1987 wataalamu wa Austria wa kuzuia kujiua waliwapa wahariri mwongozo, nao wakaufuata: habari zikafupishwa, zikaondolewa ukurasa wa mbele, maelezo ya namna yakaachwa. Ndani ya miezi michache vifo vile vilishuka kwa kiasi kikubwa, na havikurudi juu kama awali. Mwaka 2010 utafiti mwingine wa huko huko Austria, ulioongozwa na Thomas Niederkrotenthaler, ulionyesha upande wa pili: habari za mtu aliyefikwa na mawazo ya kujiua akayavuka bila kujidhuru ziliambatana na kupungua kwa vifo. Kwa hiyo kutaja kifo, kueleza namna, na kusimulia jinsi mtu alivyopata msaada ni vitendo vitatu tofauti, na kila kimoja kina matokeo yake. Ukimya wa zamani uliviziba vyote pamoja, ukaziba na mlango wa aliyehitaji kusema.

Nimehariri habari za mikoani kwa miaka mingi, na namjua vizuri mwandishi anayeandika «ajiua kwa wivu wa mapenzi» kabla hata maiti hajafikishwa hospitalini. Sentensi ile imeandikwa na mtu ambaye hajui lolote.

Kwa Mwalimu: barua hiyo isisomwe mahali popote, hata kama ni ya kweli. Waombe wazazi, kwa jina la familia, waifute pamoja na picha, na anayeikuta asiisambaze hata kwa nia ya kulaani. Kuhusu fulana na mti, ningejiuliza swali moja tu: mwaka jana mlipofiwa na mwanafunzi kwa ajali au maradhi, mlifanya nini? Fanyeni hicho hicho, wala msizidishe wala msipunguze. Kijana mpweke akiona kwamba kifo hiki kinampa mtu heshima ambayo uhai haukumpa, atalitafakari hilo usiku. Michango iende kwa familia.

Mwalimu wa Madrasa, Lamu

Assalaamu alaykum. Baba Kombo ameuliza la dini, nami nitajibu kwa upande ninaoujua. Kujiua ni dhambi kubwa, hilo halina ubishi kwetu. Lakini wanazuoni walio wengi wanasema kwamba aliyejiua hatoki katika Uislamu kwa kitendo hicho. Huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa pamoja na Waislamu wenzake. Hadithi isemayo kwamba Mtume (S.A.W.) hakumswalia mtu wa namna hiyo wameifahamu kuwa ni karipio kwa walio hai, si katazo la kumswalia. Tena tumefundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa watatu, na mmoja wao ni yule ambaye akili yake haiko naye. Ni nani kati yetu aliyekuwa ndani ya kifua cha kijana yule saa ile?

Ndugu zetu Wakatoliki nao, Katekisimu yao katika kifungu cha 2282 na 2283 inasema kwamba maradhi mazito ya nafsi hupunguza dhima, na kwamba wokovu wa waliojiua usikatiwe tamaa. Kumwombea maiti na kuhalalisha kitendo ni mambo mawili. Mama yake yumo katika mtaa huo huo, na kila neno la mimbari linamfikia.

Wakili, Kisumu

Mwalimu hakuuliza la sheria, ila naona niongeze, kwa sababu hofu ya polisi ndiyo huwafanya wazazi wengi wafiche. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinawabagua wagonjwa wa akili na kuwavunjia utu na haki yao ya afya. Mwanafunzi aliyejaribu kujiua anapaswa kupelekwa hospitalini, na anayempeleka hana sababu ya kudanganya mapokezi. Wasomaji wa Tanzania wakumbuke kwamba kwao Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 217 chenye kosa la namna hiyo hiyo, ingawa hilo lisimzuie mtu kumkimbiza mgonjwa kwa daktari.

Mwalimu Mlezi, Kilifi

Nawashukuru nyote, na Baba Kombo hasa, kwa maana umeyasema yaliyo vinywani mwa wazazi wetu wengi. Mwalimu mkuu amekubali tuache gwaride. Maneno tuliyoandika ni haya: «Tumempoteza mwenzetu wa kidato cha tatu, ambaye amefariki kwa kujiua. Hatujui yote yaliyomsibu, na hatutayabuni. Kama una huzuni, hasira, au huna hisia yoyote, yote hayo hutokea. Kama umewahi kufikiria kujiua, tunataka kukusikiliza leo, nawe hutaadhibiwa.» Baada ya hapo tutawatajia mahali tutakapokuwa tumekaa na namba za kupiga.

Limebaki moja. Jana binti mmoja wa darasa lake alinifuata sokoni akasema ana jambo la kuniambia, lakini kwanza niape kwamba sitamwambia mtu. Nilimwambia tutaonana Jumatatu.

Mnasihi wa Vijana, Mombasa

Mwalimu, usingoje Jumatatu. Mfuate leo, nyumbani kwao, uende na mwalimu wa kike kama ikiwezekana. Usiape. Mwambie tangu mwanzo kwamba utamtunzia kila atakalokuambia isipokuwa lile linaloweza kumtoa uhai yeye au mwingine, na kwamba hilo likiwemo, mtachagua pamoja ni mtu mzima gani wa kwanza kuambiwa. Wengi hukubali, kwa sababu walikuja kwako wakitaka mtu wa kuwatua mzigo. Kisha muulize lile swali, kwa maneno yale yale, na umpe muda wa kunyamaza kabla ya kujibu. Akisema ndiyo, piga 1199 ukiwa umekaa naye, na usiondoke hadi mzazi au mlezi wake awe ameketi pale pale na ameelewa.

Nitakuwa na simu mkononi jioni yote. Niandikie faraghani ukitoka.