Sholay, ile picha ya Kihindi: uliionea wapi? Tupeane uzoefu

Kiti cha Mbele: Leo kwenye daladala dereva kaweka ule mlio wa kinanda cha mdomo, Jai (Amitabh) kakaa nje usiku, Radha, yule mjane anayempenda, juu anazima taa moja moja. Nimepitilizwa kituo. Watu wa sinema za Dar, Avalon, Cameo na Empire, mpo?

Shangazi Unguja: Cine Afrique. Picha ya saa tatu na ushee, ukitoka macho mekundu wote mnajuana.

Bint Ngamiani: Nyie na Jai wenu. Mimi Veeru (Dharmendra), mwenzake Jai, kalewa juu ya tangi la maji, anatishia kujirusha asipopewa Hema Malini. Kaka yangu alimpenda binti wa jirani, baba mtu hataki hata kumsikia. Siku hiyo kapiga gongo, kapanda tangi la shule, kaanza kupayuka, Kihindi cha kubahatisha kwanza, kisha Kiswahili: nisipopewa mtoto wako najirusha! Mtaa mzima nje, watoto wanapiga miluzi, “Dharmendra! Dharmendra!” Gongo likaanza kumtoka. Kaangalia chini, kakumbatia ngazi ya chuma, sauti ikawa nyingine kabisa: “Mama, niteremsheni.” Mama chini analia, khanga imemdondoka, anamlaani Hema Malini na ukoo wake. Aliyepanda kumfuata ni yule yule baba wa binti. Alimshusha polepole, anamshika kifundo cha mguu: weka hapa, haya, sasa hapa. Walipogusa ardhi akamzaba kibao, akamwambia kesho lete wazee wako.

Kiti cha Mbele: Ikawaje???

Muhenga wa Temeke: Veeru ndiye steringi, nimesema miaka yote. Steringi hafi. Amitabh kafa, basi hakuwa steringi.

Shangazi Unguja: Koma! Aliyebaki darajani na risasi peke yake nani? Veeru wako kadanganywa na Jai kwa kurushiwa shilingi yenye kichwa pande zote mbili, kaondoka.

Muhenga wa Temeke: Kaagizwa risasi nyingine, hakukimbia.

Mwana wa Likoni: Sisi hapa Mombasa, pale Naaz, twaona mwishoni polisi waja kumzuia Thakur asimuue Gabbar, jambazi alomkata mikono. Kakangu abisha mpaka leo ati Gabbar auawa.

Fundi Deki: Kaka yako hajakosea. Mwongozaji, Ramesh Sippy, alipiga kwanza Thakur anamuua Gabbar, mikono hana, kazi yote ya miguu na viatu vya misumari. Mwaka 1975 India iko kwenye hali ya hatari ya Indira Gandhi, wakaguzi wa filamu wakakataa raia ajichukulie sheria. Wakapiga mwisho mwingine, polisi wakaingia. Ule wa kwanza ukazunguka kwenye mikanda ya video. Mwaka 2025 wameikarabati na mwisho wake wa asili, ikaoneshwa Bologna, Italia.

Mwana wa Likoni: Sasa ntamwambia nini, na tushagombana hadi kwenye matanga?

Mama Zuu: Wenye watoto rukeni pale familia ya Thakur inapouawa. Wangu kalala na taa wiki nzima.

Muhenga wa Temeke: Waonesheni yote. Sisi tuliona tukiwa wadogo, tuko wazima.

Shangazi Unguja: Wewe mzima?

Kiti cha Mbele: Bint Ngamiani, tangi bwana!

Bint Ngamiani: Wazee walikwenda, wakafukuzwa. Leo ni wifi yangu. Ya katikati muulizeni mwenyewe, na picha za Kihindi haruhusu nyumbani kwake.