Eka tatu za Zanzibar, utafiti nianzie wapi?

mwanatarehe: Salaam wakuu. Naandika tasnifu ya mageuzi ya ardhi Zanzibar, vile mashamba makubwa ya mikarafuu yalivyotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wakagaiwa eka tatu tatu. Nimeshinda Nyaraka, ile hifadhi ya kumbukumbu pale Kilimani, wiki mbili, mafaili ya Waingereza yamejaa bei na magunia lakini yule aliyekuwa anapalilia chini ya mkarafuu simuoni kabisa. Nisaidieni.

kijana_wete: Ndugu yangu ukianzia 1964 utapotea. Rudi 1897 utumwa ulipofutwa, wengi walibaki humohumo mashambani wanalima muhogo katikati ya mikarafuu, mwenye shamba anawaachia ili palilio limfanyikie, ila kupanda mti wa kudumu marufuku, maana kwetu mti ndo mali, ukishasimamisha mnazi wako mahali kukutoa ni kazi. Sasa mtu kama huyo kupewa eka tatu na miti yake juu, hebu fikiria! Alafu Pemba usiichanganye na Unguja. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, Pemba ikabaki na yake, na huku wenyeji wengi tayari walikuwa na vishamba vyao.

bint_kizimbani: Mie naongeza habari ya mikono. Karafuu haikungoji, ikichanua tu basi thamani imekwenda, na eka tatu za mikarafuu mizee familia moja haimalizi kuchuma. Bibi yangu kila msimu alikuwa anatafuta wachumaji anawalipa kwa pishi, kile kipimo chetu cha ujazo, usiku wote ukumbini tunachambua, makonyo (vile vijiti vya karafuu) huku karafuu huku, asubuhi zinaanikwa jamvini na mtoto mmoja anabaki kuchungulia mvua. Kwa hiyo kibarua hakikuisha na mgao, mwajiri ndo alibadilika. Na ardhi yenyewe ilibaki ya serikali, unapewa kutumia siyo kuuza. Karatasi yetu ina jina la babu lakini aliyekuwa anajua nani kachuma nini ni bibi, waulize kinamama tafadhali, wanaondoka hao.

mwanatarehe: Bint ahsante sana, hili sikuliona kwenye faili hata moja. Bibi alikuwa anaandika daftari?

bint_kizimbani: Hakujua kuandika. Kila mchumaji alikuwa na kikombe chake, pishi moja konyo moja ndani, jioni wanahesabu wote wawili pamoja.