Tupeane uzoefu: ulivukaje mipaka peke yako?

Bi wa Kisauni

Asalaam aleikum jamani, hamjambo nyote. Binti wa marehemu dada yangu ana miaka 24, na mwezi wa kumi anataka kwenda Lusaka kwa njia ya nchi kavu, peke yake. Mjombake amekataa katakata. Mimi nimempa ruhusa, kwa sababu njia hiyo niliipita mwenyewe mwaka 2018, sina mwenzangu, na begi moja na leso doti moja. Lakini yangu ni ya mtu mmoja. Kila aliyevuka mpaka peke yake atuambie lililomfika na alivyofanya. Ushauri wa kusikia kwa watu tumeshaupata wa kutosha hapa nyumbani.

Naanza. Basi la Dar lilituvusha feri ya Likoni, hapa Mombasa, alfajiri, tukafika mpakani Lunga Lunga jua limeshapanda. Kwenye foleni mbele yangu alikuwa msichana mwenye kitambulisho tu. Alidhani Tanzania ni kama Uganda, kitambulisho kinatosha. Ikabidi arudi kutafuta karatasi ya kusafiria, na basi halikumngoja. Mimi waliniomba pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nikapita.

Dar nikapanda treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Nilikata daraja la pili, chumba cha vitanda sita, wanawake watupu, maana hawachanganyi wanaume na wanawake ila mkinunua chumba kizima. Hilo ndilo lililonipa usingizi. Leso moja nililalia, ya pili nikaifunga ukingoni mwa kitanda cha juu ikawa pazia.

Tunduma, mpakani mwa Zambia, wabadilisha pesa wakaingia ndani ya treni. Mmoja alinihesabia kwacha, pesa za Zambia, mbele ya macho yangu, haraka haraka, kidole gumba kikipita juu ya kila noti, na hesabu ikatimia. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumpa shilingi. Mama mmoja wa Mbeya aliyelala kitanda cha chini akasema, "Dada, zikunjue kwanza." Nikazikunjua. Noti kadhaa zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja imehesabiwa mara mbili. Yule kijana alizichukua pesa zake akaenda chumba cha pili bila neno. Tangu siku hiyo noti nazishika mwenyewe, nazilaza bapa juu ya paja moja moja, ndipo yangu inatoka kwenye mkoba.

Treni ilichelewa. Tulishuka Kapiri Mposhi usiku wa manane, na wenye teksi wamejaa mlangoni wanaita Lusaka, Lusaka. Nilikuwa nimechoka, nikaanza kumfuata mmoja. Yule mama akanishika kiwiko: "Unakimbilia wapi usiku huu?" Tukatandika leso ndani ya stesheni, wanawake watano, mabegi katikati na miguu yetu juu yake, mpaka kukapambazuka. Asubuhi tukapata basi. Lusaka ni kilomita 200 hivi. Na ukiingia Zambia rudisha saa nyuma kwa saa moja.

Kijana wa Likoni

Shikamoo mama. Mimi nilikwenda Addis Ababa mwaka 2019 kwa kupitia Moyale. Sisi Wakenya hatuhitaji viza Ethiopia. Kilichoniokoa kule ni saa. Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi, kuanzia asubuhi jua linapotoka. Karani wa basi aliniambia saa kumi na moja, nami nikajua ni alfajiri, nikafika mapema. Mzungu mmoja tuliyelala naye gesti moja aliambiwa vivyo hivyo, akaja saa tano ya asubuhi, saa kumi na moja ya kwao, na mkoba wake. Basi lilikuwa limeshakwenda safari ya siku mbili. Ila tiketi ya ndege huandikwa kwa saa za kizungu, kwa hivyo kila ukitajiwa saa uliza: ya asubuhi au ya usiku, na ni saa ya kihabeshi?

Kalenda nayo usishtuke. Risiti ya gesti iliandikwa 2011, nikafikiri wamenipa ya mtu mwingine. Wao wako nyuma yetu miaka saba au minane, na mwaka wao una miezi 13.

Nyama kwa Muislamu: uliza mkahawa wa Waislamu, ipo miji yote niliyopita. Ukikosa, Jumatano na Ijumaa wenzetu Wakristo wa kule hufunga nyama, utapata injera, ule mkate wao mwembamba, na dengu na mboga kila mahali.

Mwalimu Changamwe

Niongeze la karatasi tu. Kitambulisho kinakufikisha Uganda na Rwanda tangu 2014. Chanjo ya homa ya manjano uipige mapema, kwa sababu cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Ukishaipata ni ya maisha. Tangu Julai 2016 hakuna tena habari ya miaka kumi. Nilimuona mtu amerudishwa uwanja wa ndege na cheti cha siku nne.

Dola ziwe safi, zisizo na wino wala mkunjo mbaya. Noti yangu ya 2006 ilikataliwa maduka matatu Kigali. Na usipange kufika Kigali asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda, watu wote wako kwenye kazi ya pamoja, maduka yamefungwa mpaka kama saa tano.

Mama Bondeni

Dada wa Kisauni, Mungu akubariki kwa kumpa mtoto ruhusa. Mimi nilikwenda Accra, Ghana, baada ya eda yangu kwisha, na watu wakasema sana.

Hapa Mombasa tumezoea kibla ni kaskazini moja kwa moja. Kule niliswali siku mbili nimeelekea kaskazini vivyo hivyo, mpaka mwanamke anayefagia vyumba, Muislamu wa Tamale, akaukamata mswala wangu taratibu akaugeuza. Accra kibla ni kati ya kaskazini na mashariki, kuvutia zaidi mashariki. Nililia, si kwa haya, ni kwa vile alivyoukamata. Ijumaa akanichukua Nima, mtaa wa Waislamu, nikala waakye na wanawake pale, wali na kunde zilizopikwa pamoja. Wao ndio walionifundisha njia ya Lomé, mji mkuu wa Togo: nipande gari la Aflao mpakani asubuhi, sedi zote, pesa za Ghana, nizimalize upande huu, kwa sababu ng'ambo ya geti ni Lomé yenyewe, faranga ya CFA na Kifaransa.

Amwambie binti kila jioni amtumie mtu mmoja wa nyumbani jina la gesti na namba ya chumba. Mtu mmoja, si kundi la familia. Kwenye kundi kila mtu hudhani mwenzake ameangalia.

Dereva wa Mariakani

Mwanangu, nimeendesha lori miaka 11, na miaka mitatu ya mwisho nilibeba mzigo kutoka Dar mpaka Lubumbashi. Ukifika Lusaka utasikia watu wakikwambia Kongo ni hapo tu, na Kiswahili kinazungumzwa. Ni kweli kinazungumzwa, ingawa pesa wataita makuta, na maneno mengine utayauliza. Lakini safari hii ya kwanza ishia Lusaka. Kasumbalesa, baina ya Zambia na Kongo, ni mpaka wa kuingia na mtu anayeujua. Utingo wangu alipiga picha ya daraja kwa simu, tukawekwa kituoni kutoka asubuhi mpaka alasiri, simu ikafutwa yote. Mpakani, darajani, penye askari, simu ikae mfukoni.

Njia nzima ya Tanzania, anza na shikamoo kwa mkubwa, na useme naomba, usiseme nipe. Nauli usimuulize mwenye gari. Muulize mama muuza chai wa stendi, kisha ukamuulize na wa pili.

Bi wa Kisauni

Ahsanteni sana, baba, dada na wanangu. Amesoma yote, mengine mara mbili. Mjombake naye amesoma, hajasema kitu, lakini jana ameniuliza kituo cha chanjo kiko wapi. Sasa tumebakiza moja: aliyepanda ile treni mwaka huu atuambie siku zake, na kama inakwenda mpaka Kapiri Mposhi. Kama haiendi, atachukua basi la Dar mpaka Tunduma, alale Mbeya njiani.

Leso zangu zile mbili nimeshamfulia.