Tiba kwa vitendo nyumbani: tupeane uzoefu wa kuvaa, kuhama na kukaa

Mleta uzi
Wadau, uzi huu ni wa wataalamu wa tiba kwa vitendo (tiba ya kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku) na walezi waliokwisha kuizoea kazi. Mazoezi ya viungo yana uzi wake. Hapa ni shati, kijiko na choo. Taja hatua, na useme inakwama wapi.

Naanza na shati la vifungo kwa aliyepooza upande mmoja. Kanuni: upande uliopooza huvaa kwanza, huvua mwisho. Mtu aketi, nyayo zikanyage sakafu. Shati lilale mapajani, ndani kukitazama juu, kola ikielekea tumboni. Mkono mzima uusaidie mkono dhaifu kuingia, kisha uvute nguo mpaka ipite kiwiko na kufika begani. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaiacha chini ya kiwiko, na wakiizungusha mgongoni inachomoka yote. Kola ipite nyuma ya shingo, mkono mzima uingie, kisha vifungo kuanzia chini, maana pindo mbili zinaonekana na ni rahisi kuzilinganisha. Kifungo cha mkononi, upande mzima, ni mtego: vidole dhaifu haviwezi kukifunga. Kishone kwa uzi wa lastiki, kiganja kipite kikiwa kimefungwa.

Mchangiaji 2
Asante mkuu. Kutoka kitandani kwenda kiti mwendo: kiti kikae upande wenye nguvu, pembe ya nyuzi 30 hadi 45 na kitanda. Funga breki zote mbili, ondoa vikanyagio. Mtu asogee mpaka ukingoni, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, kisha ainame mbele hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu. Asipoinama hivyo makalio hayanyanyuki, na msaidizi anaishia kubeba uzito wote kwa kiuno chake. Mkikwama, kabla ya kuongeza nguvu angalieni nyayo zilipo.

Mchangiaji 3
Nauliza: msaidizi amshike chini ya makwapa?

Mchangiaji 2
Hapana, ndugu. Bega lililopooza limelegea kwenye kiungo chake. Ukilivuta kwapani au kwa kiganja unaweza kulijeruhi, na maumivu yake hudumu. Mshike kwenye mkanda mpana uliofungwa kiunoni, au nyuma ya nyonga.

Mchangiaji 4
Mimi naongeza vipimo vya kiti mwendo, kwa sababu kiti cha kupewa tu mara nyingi hakimtoshi aliyepewa. Mpime akiwa ameketi kwenye kiti kigumu.

Upana: sehemu pana ya nyonga, ongeza sentimita 2 hadi 3. Kikipwaya, mtu hulalia upande mmoja na uti wa mgongo huanza kupinda; halafu mikono inayafikia magurudumu kwa taabu. Kina: kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa kama sentimita 5. Kiti chenye kina kirefu mno humvuta mtu mbele, akaketia mkia, na ngozi ya pale ndiyo huchubuka. Vikanyagio: paja lilale lote kwenye mto. Vikiwa juu mno magoti hupanda na uzito wote huhamia kwenye mifupa miwili ya makalio. Vikiwa chini mno miguu huning'inia. Hata hivyo viachane na ardhi angalau sentimita 5, visikwame kwenye kizingiti.

Asiyehisi makalio yake hatahisi kidonda kikianza. Kila nusu saa ainame mbele, kifua kielekee magotini, kwa dakika 2. Kujinyanyua kwa mikono sekunde chache hakutoshi: damu haijarejea vizuri. Jioni ngozi ikaguliwe kwa kioo. Wekundu usiofifia ukiubonyeza ni onyo, asikalie hapo mpaka upotee.

Mchangiaji 5
Kijiko kwa mkono usiokaza: nenepesha mpini kwa sponji au tyubu ya baiskeli, ufikie kama sentimita 3. Usizidishe, mpini mnene mno nao hauzungukiki kiganjani.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo alishwe akiwa wima, nyonga zimekunjwa, kidevu kimeshuka kidogo. Kijiko kije kwa mbele, usawa wa mdomo. Kikija kwa juu atainua kichwa, na chakula kinaweza kwenda njia ya hewa. Subiri ameze ndipo ulete kingine. Akikohoa au sauti yake ikawa ya majimaji kila mlo, apelekwe kwa mtaalamu wa kumeza.

Mleta uzi
Safi sana. Nyongeza kwa wanaofundisha watoto kuvaa: anzeni na hatua ya mwisho. Wewe mvalishe suruali hadi mapajani, yeye aivute kiunoni tu. Akishaimudu, mwachie magotini. Ukimwanzisha kwenye kutafuta tundu la mguu, anachoka na kuikataa suruali yote.